Hofu ya Kupima Nayo Ina Hesabu Yake

Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita nilikuwa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, siku ya mnada. Nikiwa nakunywa chai, kijana mmoja muuza mitumba alinisogelea. "Shikamoo, mwandishi. Si wewe yule wa redioni? Nina neno, lakini nisitajwe jina." Nikaitikia marahaba, nikamwahidi. Yaliyobaki aliniruhusu mwenyewe kuyasema.

Neno lenyewe ni hili. Wiki saba kabla ya siku hiyo alilala na mwanamke ambaye si mchumba wake. Walitumia kondomu tangu mwanzo hadi mwisho, wala haikupasuka. Hata hivyo, tangu usiku ule hana usingizi. Siku ya tano alipima hapo hapo Katesh, akaambiwa hana virusi. Hakuamini. Wiki ya pili akapanda basi kwenda Mbulu, ya nne akaenda Babati, mahali ambapo hakuna anayemfahamu. Majibu yakawa yale yale. Nauli imekula mtaji, na harusi ameiahirisha bila kumweleza binti wa watu sababu.

Kupima amepima. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemkalisha chini akamweleza kipimo kinasema nini.

Kipimo cha haraka cha tone la damu hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili huwaunda ili kupambana navyo. Askari hao huchukua muda kujitokeza: kwa watu wengi ni wiki kadhaa, na kwa wachache huweza kufika siku 90. Kwa hiyo kipimo cha siku ya tano kilimpa habari za maisha yake ya nyuma. Juu ya usiku ule hakikusema kitu. Cha wiki ya nne kilikuwa na uzito, ila hakikufunga kesi. Kesi hufungwa baada ya miezi 3, mradi katikati hapo mtu hakujiweka tena hatarini.

Iko na hesabu ya saa. Aliyepasukiwa na kondomu, asiyeitumia kabisa, au aliyebakwa, asikae kungoja miezi hiyo. Awahi hospitali ndani ya saa 72, na akiwahi zaidi ndiyo heri. Akionekana anastahili, atapewa dawa za kinga za kumeza kwa siku 28.

Kijana wangu hakuwa katika kundi hilo. Kondomu iliyotumika sawasawa hupunguza hatari mno. Lakini alikuwa na orodha ya dalili: homa, kukonda, jasho la usiku. Nikamwuliza, "Unakula?" Akasema chakula hakipiti. Mtu asiyekula wala kulala atakosaje kukonda? Na homa huku kwetu zina majina mengi: malaria, na hata ile inayotokana na kunywa maziwa mabichi ya mifugo yenye ugonjwa. Ukimwi hausomwi usoni, wala kwenye uzito wa mkanda. Husomwa kwenye kipimo.

Wapo wanaosema Mbulu na Hanang hakuna ukimwi. Ni kweli kwamba Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache nchini. Lakini uchache si sifuri, na wastani wa mkoa haumkingi mtu mmoja chumbani.

Tena wapo wanaoogopa kuonwa. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani kuwaondolea watu aibu hiyo. Sheria ya mwaka 2008 inataka majibu yako yabaki siri. Na tangu sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 2019, mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe. Kipimo hicho kikionyesha dalili ya virusi, lazima aende kituo cha afya kuthibitisha. Akithibitishwa, ataanza dawa, na kwa kuzimeza ipasavyo ataishi, ataoa na kuzaa watoto wasio na virusi.

Nilimwambia kijana: hesabu siku zako, pima mara moja tu zikitimia, kisha uyakubali majibu. Anayekimbia kipimo na anayepima kila wiki wana ugonjwa mmoja: wote wawili hawataki kupokea jibu. Nikaongeza, mchumba wako naye ana haki. Nendeni pamoja.

Hapo alinyamaza muda mrefu. Kumweleza binti, alisema, kunamtisha kuliko sindano.

Juma lililopita alinipigia simu. Siku zimetimia, wamekwenda wote wawili. Majibu sikumwuliza, ni yao. Kumbe binti naye alikuwa na maswali yake, ila alikosa wa kuanza.

Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua. Nami naongeza: mficha hofu, hofu humla kabla ya maradhi. Tukutane juma lijalo.