Daftari Lako Linatosha, Tatizo Ni Barua!

Kazi yangu ni kusoma barua za watu wanaotaka nafasi. Kila mwezi mapendekezo ya makala yanamiminika kwenye meza yangu ya uhariri, na nikishasoma sentensi mbili za mwanzo huwa najua hii naimaliza au naiweka pembeni. Si roho mbaya jamani, ni wingi. Sasa wale wanaochagua wazungumzaji wa makongamano ya takwimu na teknolojia nao ni watu wa aina yangu: wamechoka, muda hawana, na mbele yao kuna rundo. Nalisema hili kwa sababu nakutana na wanawake wengi wenye jambo la maana la kusema kwenye majukwaa hayo, halafu wanajiengua wenyewe kabla hata kamati haijawaengua.

Mchukulie wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Anaishi Mlola, huko juu milimani Usambara, ukishaiacha Lushoto mjini na vumbi lake (au tope lake, inategemea umekwenda mwezi gani). Analima kidogo, ila kazi yake hasa ni kununua viazi na karoti kwa wakulima na kusimamia mzigo unapopakiwa kwenye lori la Dar. Ana mzani. Na ana tabia moja ambayo watu wa pale walikuwa wakimcheka nayo: kila gunia linalopita mikononi mwake analipima, na kilo zake anaziandika kwenye daftari, pamoja na tarehe, bei, na kama lilikuwa limejazwa hadi mdomoni au limewekewa kile kilemba cha juu.

Kile kilemba ndiyo lumbesa yenyewe. Kama hujawahi kuuza mazao huenda hujui ubaya wake. Mnunuzi anakuja na gunia, analijaza, anashindilia, kisha anashonea juu wavu au kipande cha gunia jingine na kujaza tena, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo hairuhusu, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka nenda miaka rudi. Lakini kelele ni kitu kimoja, na kujua kijiji fulani kimepoteza kilo ngapi msimu fulani ni kitu kingine kabisa. Hicho cha pili ndicho kilichomo kwenye madaftari matatu ya wifi.

Mpwa wetu mmoja anayesomea kompyuta Dar alikuja likizo, akaona yale madaftari, akaanza kuyaingiza kwenye Excel. Siku mbili baadaye akasema: dada, kuna kongamano la takwimu Nairobi, wanapokea mapendekezo ya mada, peleka. Mimi nilikuwa nimekwenda kusalimia, tukawa jikoni tunamenya viazi.

"Wifi," akaniambia, "mimi form four. Nikasimame mbele ya maprofesa niseme nini?"

"Kwani hao maprofesa wamewahi kupima gunia la Mlola?" nikamuuliza.

Akacheka, ila hakujibu. Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni, akauliza swali moja tu: "Huko wanalipa?" Swali hilo nitalirudia, maana ni la msingi kuliko mnavyodhani.

Rasimu ya kwanza aliiandika mpwa wetu. Shoga, ungecheka! Aya nzima ya kwanza ilikuwa inamsifia wifi: mwanamke jasiri, mjasiriamali mwenye maono, mpenda maendeleo. Aya ya pili ilijaa akili mnemba, data kubwa na mapinduzi ya kidijitali. Gunia halikutajwa hadi mstari wa mwisho. Nikachukua kalamu nikakata vyote viwili, kijana akanuna mpaka usiku.

Hebu tuelewane hapa. Barua ya namna hii ni kama barua ya posa. Mshenga akifika kwa wakwe akaanza kueleza kijana alivyo mtanashati, anavyojua kuvaa na jinsi ukoo wao ulivyo mkubwa, wazee watamsikiliza kwa adabu tu. Wanachosubiri ni kujua amekuja kwa binti yupi, ametumwa na nani, na ana nini mkononi. Kamati nayo inasubiri hivyo hivyo: una swali gani, una takwimu zipi ambazo mwingine hana, na msikilizaji akitoka chumbani atakuwa amejua nini asichokuwa anakijua. Basi. Ukilijibu hilo kwa maneno mia moja na hamsini ya kawaida, umewapita wengi wenye shahada mbili.

Fomu zenyewe hazitofautiani sana. Watataka kichwa cha mada, muhtasari mfupi utakaochapwa kwenye ratiba, maelezo marefu kidogo ambayo kamati pekee itayasoma, mada inawafaa wageni au wazoefu, muda unaoutaka, na mwisho mistari michache ya wewe ni nani. Watu wengi wanatumia nguvu zao zote kwenye hiyo mistari ya mwisho. Pole yao. Makongamano makubwa ya akili mnemba kama NeurIPS na ICLR, wanaosoma maandiko ya kitafiti hawaoneshwi hata jina la mwandishi. Kwenye FOSS4G, mkutano wa kimataifa wa watu wa ramani na programu huria, kumekuwa na utaratibu wa wanajamii kupiga kura wakisoma vichwa na mihtasari. Ukubwa wako haupo hapo mezani. Kilichopo ni sentensi zako.

Na huo FOSS4G si wa mbali kama unavyousikia. Agosti 2018 ulifanyika Dar es Salaam, Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere, kaulimbiu ikiwa asiachwe mtu nyuma. Ilikuwa mara ya pili tu kufika Afrika, baada ya Cape Town mwaka 2008. Na kwa nini Dar? Jiji lilikuwa na kitu cha kuonesha. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ulikuwa umewatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakapita na wakazi kwenye kata zinazofurika, wakichora mitaro, nyumba na vichochoro ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Wangeweza kukaa chini wakasema sisi ni wanafunzi tu.

Turudi Usambara. Wifi alipoendelea kusita, nilimtajia habari ya tauni, maana hakuna mtu mzima wa Lushoto asiyeijua. Ugonjwa ulilipuka mwaka 1980 milimani humu na ukawa unarudi karibu kila msimu, hasa Desemba hadi Februari. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kutumia kumbukumbu za hospitali zilizotunzwa tangu 1986 na sensa ya 2002. Hawakuwa na mitambo ya ajabu. Walikuwa na majina ya vijiji, umri, jinsia na tarehe, yaani vile vitu ambavyo nesi anaandika akiwa amechoka saa nane usiku. Ndani ya vitabu hivyo walikuta kwamba ugonjwa ulikuwa umelundikana zaidi kwenye vijiji vitatu jirani vya juu kabisa, kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wenye umri wa miaka 5 hadi 19, na kwamba katika kata yenye vijiji hivyo mwanamke wa miaka 30 hadi 34 alikuwa na hatari mara 2.4 kuliko mwanamume wa umri huo huo. Mara 2.4! Kila aliyezika dada au mtoto alijua kwake kumetokea nini. Lakini hesabu ile ilihitaji mtu wa kuandika kila siku kwa miaka, na mtu wa kwenda kuisema mbele ya wengine.

Wifi akanyamaza. Kisha akasema, "Basi kichwa cha habari kiwe gunia moja, kilo ngapi?" Sikugusa hata herufi moja.

Muhtasari tuliuandika meza ya chakula, kurasa za daftari zimefunguliwa. Sentensi ya kwanza: Mlola mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Ya pili: kwa misimu mitatu nimepima kila gunia nililonunua. Ya tatu inasema atakachoonesha: jinsi uzito wa gunia unavyopanda bei inaposhuka, na jinsi mtu yeyote mwenye mzani, kalamu na simu anavyoweza kufanya hivyo kwenye soko lake. Mpwa wetu tukampa sehemu yake, kueleza alivyosafisha takwimu na alivyoshughulikia kurasa zilizolowa mvua. Nawaambia, sehemu hiyo ya kurasa zilizolowa ndiyo ningeisoma mimi kwa hamu. Watu wa takwimu wanapenda kusikia palipoharibika na mtu alivyopanusuru. Anayedai takwimu zake hazina doa wanamtilia shaka.

Kitu kimoja tulikifuta, na hiki tafadhali usikiruke. Daftari lina majina ya wakulima na kiasi walicholipwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na jina la mtu pamoja na fedha zake si mali yako ya kupandisha ukutani Nairobi. Tukaweka namba badala ya majina. Kama unachotaka kuwasilisha ni takwimu za ofisi, hospitali au shule, pata ruhusa ya maandishi kwanza. Pia iangalie Sheria ya Takwimu ya 2015 pamoja na marekebisho yake ya 2018 na 2019, hasa ukitaka kutangaza matokeo ya utafiti wa kitakwimu. Dakika tano za kuuliza zinakuokoa.

Sasa kuna shemeji, mume wa wifi. Huyu ndiye niliyekuwa namwogopa, kusema ukweli. Aliposikia Nairobi akaweka kikombe chini. "Siku ngapi? Unalala wapi? Na nani?" Wanawake wenzangu mnayajua maswali haya, na wengi wetu tukiulizwa tunapandisha sauti au tunafuta safari kimya kimya na kubaki na kinyongo cha miaka kumi. Wifi hakufanya lolote kati ya hayo. Alimpa simu asome ratiba ya mwaka uliopita, siku baada ya siku, akamwonesha hoteli walipolala wageni, halafu akamwambia: "Kurasa za msimu wa kwanza ulipima wewe, mimi nilikuwa nimejifungua. Jina lako niliweke au nisiliweke?" Mwanamume akakaa kimya muda mrefu. Akataka kujua herufi za jina lake la ukoo wameandika sawasawa. Simaanishi kila mume atalainika hivyo. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kumwomba mwenzako ruhusa na kumwonesha kazi ambayo na yeye yumo.

Na sasa swali la mama mkwe. Huko wanalipa? Mara nyingi hapana, mama. Makongamano mengi hayamlipi mzungumzaji. Mengine yanamsamehe kiingilio, mengine hata hicho analipa. Kilichopo ni msaada wa nauli na malazi, na huo mara nyingi una fomu yake na tarehe yake ya mwisho, ambayo inaweza kutangulia majibu ya mada. Jaza zote mbili siku hiyo hiyo. Usisubiri ukubaliwe ndipo uanze kuulizia basi.

Fikiria pia ni wapi unapeleka. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika waliotarajiwa kwenye warsha ya Black in AI huko Montreal walinyimwa viza za Kanada, mada zao zimeshakubaliwa! Mwaka uliofuata, Vancouver, yakajirudia. ICLR ilipangwa kuja Addis Ababa 2020, korona ikaipeleka mtandaoni, hatimaye ikafanyika Kigali Mei 2023. Deep Learning Indaba, kongamano la Waafrika wenyewe lililoanzia Johannesburg 2017, limeshafika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2019 na Kigali mwaka 2025, na lina mikutano midogo ya nchi moja moja iitwayo IndabaX. Data Science Africa nao walikutana Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela, mwaka 2017. Mtanzania haombi viza kwenda Nairobi wala Kigali. Kwa anayeanza, hapo ndipo pa kuanzia, na Kiingereza cha kuhesabu magunia si kigumu kihivyo.

Pendekezo la wifi limekwenda saa tatu usiku, siku mbili kabla ya mwisho, kutoka juu ya kilima nyuma ya nyumba ambako mtandao unashika vizuri. Majibu hayajatoka. Pasi ya kusafiria hana, na ada yake ni shilingi 150,000, kwa hiyo gunia la kwanza la msimu huu limeshapangiwa kazi. Kwenye cheti chake cha kuzaliwa jina la baba limekosewa herufi moja. Jumatatu anateremka Lushoto kulishughulikia, na shemeji amesema atabaki na mzani.