Mafunjo Yanaponong'ona: Neno, Sauti na Taswira katika Shairi

Taswira katika shairi la mazingira huanzia kwenye jina la kitu chenyewe. Mtunzi wa Busia akiandika "majani ya mtoni", msomaji haoni kitu. Akiandika "mafunjo", papo hapo kinatokea kinamasi cha Sio-Siteko kilichotanda pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, na mabua marefu yenye vishungi. "Kumbikumbi" nao huja na mvua yao, kichuguu chao na watoto wanaowakimbilia. "Wadudu" hawaji na chochote. Ushairi wa Kiswahili umelelewa pwani, na msamiati wake wa kusi, kaskazi na mikoko ni hazina kubwa. Lakini mwanafunzi wa Malaba anayeuazima wote huishia kusifu bahari asiyoijua, na vilima vya Amukura viko pale pale karibu naye. Hiyo ni hasara kwake na kwa ushairi.

Sauti nayo huchora. Methali "Chururu si ndo! ndo! ndo!" inaonyesha maji ya namna mbili kwa tanakali tupu: yanayotiririka bila kukatika, na yanayodondoka tone baada ya tone. "Rasharasha" ni jepesi mdomoni kama mvua yenyewe. "Gharika" huanza kwa mkwaruzo kooni.

Uzito wa sauti huonekana vizuri zaidi katika mshororo mzima. Chukua huu, uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

Mvua yaja Amukura, mafunjo yanong'onana.

Ukwapi (kipande cha kwanza) una mizani 8, utao (kipande cha pili) 8. Katika utao, nj, n na ng' zote hupitia puani, na upepo unasikika ukiwa mpole, mvua ikiwa bado mbali. Badilisha kitenzi tu: "mafunjo yatikisika". Mizani ni ile ile, ila t na k zinagonga, silabi zinakuwa fupi na kavu, na dhoruba imeshafika kinamasini.

Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alisisitiza vina na mizani. Kanuni hizo husaidia sikio, ila zina mtego: mtunzi anayesaka kina cha "-ra" huweza kuingiza "bahari Hindi yang'ara" katika shairi la Mto Sio, na taswira yote ikavurugika. Hapo ni afadhali kuupanga mshororo upya, kina kiangukie kwenye neno ambalo mandhari yenyewe inalo.