Pesa Ukutani, Mfukoni Hamna

Mwaka 2021 Makumbusho ya Kunsten mjini Aalborg, Denmark, yalimkopesha msanii Jens Haaning fedha taslimu, kroner zaidi ya 530,000. Alitakiwa azibandike kwenye fremu, arudie kazi zake za zamani zilizoonyesha kipato cha wastani cha mwaka cha Mdenmark na cha Mwaustria. Maonyesho yenyewe yalihusu kazi na ujira. Fremu zikafika tupu. Pesa alibaki nazo Haaning, na kazi hiyo akaipa jina lenye maana ya "chukua pesa utoroke".

Wengi walimwita tapeli. Kabla ya kumhukumu, tuitazame hesabu. Katika sanaa ya usimikaji, ambapo vitu halisi hupangwa ukumbini na mpangilio huo ndio kazi yenyewe, gharama hutangulia. Seremala wa fremu hulipwa, dereva hulipwa, mlinzi hulipwa. Msanii hupewa posho, na mara nyingi posho hiyo hiyo ndiyo inayoziba pengo la vifaa. Haaning alidai kwamba kuzirudia kazi zile kungemlazimu kutoa kroner 25,000 zake mwenyewe. Yaani angelipia fursa ya kufanya kazi!

Septemba 2023 mahakama ya Copenhagen ilimwamuru arudishe kroner 492,549, baada ya kukata 40,000 za ujira wake. Kisheria sioni kosa: mkopo ni mkopo. Ila swali la ujira alilolizusha halikujibiwa.

Tatizo hili la riziki ya msanii ni la zamani: msanii Marcel Duchamp aliwahi kuitafuta kwenye kamari. Mwaka 1924 alitoa hatifungani za faranga 500 kila moja, akiahidi riba ya asilimia 20 kutokana na mfumo wake wa kucheza ruleti huko Monte Carlo. Alikusudia kutoa 30. Wanunuzi wakawa wachache, na ruleti haikumtajirisha. Mwaka 2015 hatifungani moja iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Duchamp alikuwa amefariki tangu 1968. Dau aliweka yeye, ushindi wakachukua wengine, na wasanii wengi wanaishi hivyo hivyo hata bila kugusa ruleti.

Kwa hiyo, msanii mwenzangu, ukialikwa kuonyesha kazi, dai mkataba utenganishe mafungu mawili: gharama za kuitengeneza kazi, na ujira wako. Fungu la pili likikosekana, usisaini.