Koa Anayekula Jua Kama Jani la Mahindi

JE, msomaji, umewahi kusikia habari za mnyama anayeota jua ili ashibe? Wewe unayeishi Eldoret unamjua koa, yule konokono asiye na nyumba anayetafuna sukumawiki zako msimu wa mvua. Basi fahamu kwamba ana jamaa zake baharini wenye maajabu.

Jamaa hao hutoboa mwani na kufyonza utomvu wake. Vyote humeng'enywa tumboni isipokuwa chembe za kijani, zile zile ziliwezeshazo jani la mahindi shambani kwako kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Chembe hizo koa huzihifadhi mwilini, nazo huendelea na kazi. Wataalamu wa Japani, Kawaguti na Yamasu, walifichua siri hiyo mwaka wa 1965. Aina moja ya pwani ya mashariki ya Marekani, Elysia chlorotica, huweza kukaa miezi 9 hivi bila kula.

Tabia hii ilianzaje? Mababu wa koa hawa walikuwa na magamba, na walifyonza mwani vivyo hivyo. Yaaminika kwamba rangi ya kijani iliwaficha machoni pa adui, na vizazi vilivyofuata vikaishi bila gamba. Hata hivyo, wataalamu wangali wanabishana. Majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kwamba baadhi ya koa hao wakifungiwa gizani hawafi upesi.

Wizi au ndoa?

Huo lakini ni wizi, kwa kuwa mwani haufaidi chochote. Ukitaka ndoa ya kweli, tazama matumbawe ya Malindi na Watamu, mbuga za baharini zilizoanzishwa mwaka wa 1968. Humo mwani mdogo mno huishi ndani ya mwili wa mnyama. Mwani hutoa sukari, naye mnyama hutoa makao na mbolea.

Ndoa hiyo huvunjwa na joto. Mwaka wa 1998, maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipoteza mwani wake, yakawa meupe pe, na sehemu kubwa ikafa. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makao, na mvuvi hukosa karo ya watoto.

Kwa hivyo, ukiipeleka jamii yako Mombasa likizoni, waonye watoto wasikanyage matumbawe, wala usinunue vipande vyake vya kupamba sebule. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata chini ya bahari.