Marakuja inachanua, lakini matunda iko wapi?

Baba anarudi kutoka kareri ya Misisi ao Kamituga. Anakuta marakuja imefunika uzio wote mpaka juu ya choo, maua mengi, tunda hata moja. Anaomba panga: «Inakula nafasi bure!» Jirani naye anasema ni jicho la mtu.

Baba, weka panga chini kwanza. Si jicho. Mmea wenu uko peke yake, basi.

Huku Uvira, karibu na ziwa, joto ni kali. Inayofaa ni marakuja ya njano. Ile ya zambarau inapenda baridi ya milimani. Lakini ya njano ina tabia yake: unga wa ua lake hauzalishi tunda kwenye mmea uleule. Inataka mwenzake, wa mbegu ingine. Ukikata tawi lake na kulipanda pembeni, haujafanya kitu, ni mmea uleule tu. Uombe tunda kwa mtu wa avenue ingine, panda mbegu zake zikingali mbichi. Karibu mwaka 1 utaona maua.

Nani atabeba unga? Si upepo, maana unga huo ni mzito na unanata. Ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, yule tunayemfukuza na fagio! Nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini ya ua bila kuligusa mahali panapotakiwa. Mweusi umuwekee gogo kavu nyuma ya nyumba, ataacha paa yako kidogo.

Kama haonekani, fanyeni wenyewe. Maua ya njano yanafunguka kuelekea saa sita ya mchana na kujifunga usiku. Saa nane, kama mvua hainyeshi, chukua unga kwa kidole kwenye mmea mmoja, upake juu ya vichwa 3 vilivyo katikati ya ua la mmea wa pili. Watoto wakitoka masomo wanaweza kazi hiyo. Kisha hesabu miezi 2 ao 3: tunda likiiva linaanguka lenyewe. Okota kila asubuhi.

Jambo lingine ni maji. Tangu Mulongwe ilipofurika mwezi wa 4, 2020, na ziwa kupanda 2021 na tena 2024, parseli nyingi za chini zinabaki na maji. Marakuja ikisimama ndani ya maji, mizizi inaoza. Inua udongo kwanza, panda juu yake. Mbolea ya mbuzi isiguse shina. Kiangazi, mwagilia. Matunda yakiisha, punguza matawi, maana maua yanatokea kwenye matawi mapya.

Dhahabu ina siku yake ya kutoka na siku ya kukataa. Ndoo ya marakuja haiwezi kulipa masomo ya mwaka mzima. Lakini siku ile simu ya kareri haiite, Mama atakuwa na kitu cha kupeleka sokoni.