Fahamu: Kipimo cha kutaja wanyama kwa dakika moja

Ni kipimo kifupi cha akili kwa wazee. Mzee huombwa ataje wanyama wote anaowakumbuka kwa dakika moja. Akimrudia mnyama, hahesabiwi mara ya pili. Kipo pia cha kutaja maneno yanayoanza kwa herufi fulani.

Kinapima nini?

Kumbukumbu, kasi ya kufikiri na wepesi wa kuhama kutoka kundi moja hadi jingine: mifugo ikiisha, wa mwituni, kisha ndege. Katika maradhi ya Alzheimer, kutaja aina za vitu mara nyingi hudhoofika zaidi kuliko kutaja kwa herufi.

Kwa nini kinatufaa?

Hakihitaji kusoma wala kuandika. Ndiyo maana kimo katika kipimo cha dimenshia (kudhoofika kwa akili na kumbukumbu) kiitwacho IDEA, kilichotayarishwa wilayani Hai, Tanzania. Utafiti uliofanywa huko ulikadiria kuwa takriban asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na dimenshia.

Mvuvi wa pwani je?

Huenda akamimina changu, tafi, pono, chewa, nguru na kolekole, kisha akakwama kwa wanyama wa bara. Samaki nao ni wanyama, wahesabiwe. Na aulizwe kwa lugha ya nyumbani kwake, kwa utulivu na heshima. Hili ni muhimu mno.

Akitaja wachache?

Hiyo si hukumu. Elimu, uziwi, sonona, upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo (thyroid) huathiri matokeo, na baadhi yake hutibika. Ikiwa pia ameanza kupotea njia alizozizoea au kuchanganya dawa zake, apelekwe kwa daktari, pamoja na mtu anayeishi naye.