Neno na Jumuiya: Wanafunzi wa Huduma ya Jamii Wanapofundishana kwa Intaneti

1. Utangulizi

Chombo kikuu cha mhudumu wa jamii ni neno. Humwuliza mama mjane watoto wake wanalala wapi, humsikiliza mzee aliyekataa kwenda hospitali, kisha huandika taarifa itakayosomwa na hakimu, mganga au mwalimu. Neno moja likieleweka vibaya katika taarifa hiyo, mtoto aweza kutengwa na watu wake, au kuachwa mikononi mwa wanaomtesa. Kwa sababu hiyo baadhi ya vyuo vinavyofundisha kazi hii vimewaunganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali kwa intaneti, ili wajifunze pamoja namna ya kuhudumu katika jumuiya zenye tamaduni nyingi. Makala haya yanaeleza utaratibu huo, na yanaonyesha kwamba faida yake hupatikana hasa pale wanafunzi wanapolazimika kuelezana maana ya maneno yao.

2. Asili ya fikra hii

Kujifunza kwa kukaa karibu na watu wa utamaduni mwingine si jambo jipya. Mwaka 1889, Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House mjini Chicago, katika mtaa wa wahamiaji: Waitalia, Wagiriki, Wajerumani, Wayahudi waliotoka Urusi na wengineo. Walihamia humo wenyewe, wakawa majirani. Mwaka 1895 wakazi wa nyumba hiyo walichapisha kitabu chenye ramani zilizoonyesha asili ya wapangaji wa mtaa na mishahara yao. Msingi wa kazi yao ulikuwa wazi: kumfahamu jirani kunatangulia kumsaidia.

Msingi huo umethibitishwa upya katika ufafanuzi wa kimataifa wa huduma ya jamii, uliopitishwa Melbourne mwaka 2014 na shirikisho la wahudumu pamoja na shirika la vyuo vyao. Ufafanuzi huo unayataja maarifa ya wenyeji kuwa mojawapo ya nguzo za taaluma hii, sambamba na nadharia za sayansi ya jamii. Kwa hiyo, ajuavyo mkazi wa kijiji juu ya malezi au kusaidiana ni maarifa yanayostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa nchi nyingine.

3. Utaratibu wa masomo ya pamoja

Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilianzisha kituo cha masomo ya ushirikiano wa kimataifa kwa intaneti, chini ya uongozi wa Jon Rubin. Mpango wenyewe ni rahisi. Walimu wawili wa nchi mbili huunganisha sehemu ya kozi zao kwa majuma kadhaa. Kila mmoja hubaki na wanafunzi wake na alama zake, na hakuna anayesafiri. Wanafunzi kwanza hufahamiana, kisha hulinganisha mambo ya kwao, na mwishowe hufanya kazi moja kwa vikundi vyenye watu wa pande zote mbili.

Katika huduma ya jamii, chuo cha Bergen nchini Norway kilikuwa miongoni mwa waanzilishi barani Ulaya. Mpango wa VIRCLASS, na baadaye SW-VirCamp, uliwakusanya wanafunzi wa nchi kadhaa katika darasa moja lisilo na kuta, na kazi ya jumuiya ikawa mojawapo ya masomo yake.

Ili kuona namna utaratibu huu unavyofundisha, na tuchukue kisa cha kubuni. Msichana wa miaka 11 analelewa na mjomba wake. Mama amekwenda kufanya kazi mji mwingine. Wanafunzi wa Norway wataelekea kuuliza nani mwenye haki ya malezi kisheria. Wanafunzi wa kusini-mashariki mwa Kongo, ambako Wabemba na Walamba hufuata ukoo wa mama, watakumbuka kwamba mjomba ana sauti kubwa katika ukoo. Wao watauliza nani analipa ada ya shule, na msichana anafanya kazi kiasi gani nyumbani. Maswali yote hayo yanahitajiwa. Kikundi kinachoyaandika pamoja hupata taarifa kamili kuliko ile ambayo upande mmoja ungeiandika peke yake.

Hata hivyo, kuheshimu utamaduni si kukubali kila tendo. Endapo msichana huyo anaitwa mchawi, sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamlinda, na mhudumu hana ruhusa ya kunyamaza kwa kisingizio cha mila.

4. Maana iliyojificha katika neno

Walimu wa lugha walitangulia kugundua mbinu inayofaa hapa. Mwaka 1997, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Gilberte Furstenberg na wenzake walianzisha mradi uitwao Cultura. Wanafunzi wa Marekani na wa Ufaransa waliandika, kila mmoja kwa lugha yake, maneno yaliyowajia akilini waliposoma neno fulani. Kisha majibu yakawekwa bega kwa bega. Neno lenye maana ya ubinafsi, ambalo huandikwa karibu sawasawa katika lugha hizo mbili, liliwakumbusha Wamarekani uhuru na kujitegemea, na Wafaransa likawakumbusha uchoyo. Kamusi isingewaonyesha tofauti hiyo.

Mbinu hiyo inafaa sana katika kazi ya jumuiya. Mnorwe husema dugnad, yaani majirani kukutana kwa hiari kusafisha ua au kukarabati shule. Mkongo atalitafsiri kwa salongo. Lakini salongo, chini ya utawala wa Mobutu, ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Mwanafunzi asiyeifahamu historia hiyo aweza kupendekeza salongo katika mtaa wa Lubumbashi, akashangaa kuona wazee wananuna.

Wala kushiriki lugha moja hakuondoi tatizo. Lubumbashi, jamaa ni familia. Na mwaka 1953, mjini Kolwezi, Padri Placide Tempels alianzisha kundi la Wakristo lililoitwa kwa jina hilo. Mitaani Dar es Salaam, jamaa aweza kuwa mwanamume yeyote asiyetajwa jina, na kutokana na neno hilo hilo Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitangaza siasa ya Ujamaa. Basi mwanafunzi wa Kongo akiandika kwamba mgonjwa ametunzwa na jamaa, mwenzake wa Tanzania aweza kumwona mtu mmoja pale ambapo pana nyumba nzima. Vivyo hivyo, anachokiita Mkongo likelemba, Mtanzania hukiita upatu. Na huyo ambaye Kongo hujulikana kwa jina la Kifaransa, assistant social, Tanzania ni afisa ustawi wa jamii.

5. Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni lugha ya darasa. Kiingereza kikitawala, mwenye kukimudu huwa msemaji, na mwenye maarifa ya mtaa huwa msikilizaji. Cultura ilikwepa hatari hiyo kwa kumwacha kila mtu aandike kwa lugha yake. Cha pili ni umeme na gharama ya intaneti. Kazi ya maandishi, isomwayo kila mtu apatapo nafasi, ni ya haki zaidi kuliko mkutano wa picha na sauti. Cha tatu ni saa: saa 10 alasiri mjini Lubumbashi ni saa 3 asubuhi mjini New York wakati wa baridi. Cha nne, kilicho kizito kuliko vyote, ni siri. Kisa cha mtu halisi hakipaswi kupelekwa katika darasa la nchi nyingine. Visa vya kujifunzia na vitungwe.

6. Tamati

Mwaka 2021 Siku ya Huduma ya Jamii Duniani iliadhimishwa kwa kaulimbiu ya Ubuntu. Waswahili wana neno utu, na Waluba wana bumuntu, yote ya shina moja. Ni heshima kwa lugha za Kibantu. Lakini neno likibaki juu ya bango halimfundishi mtu. Linafundisha pale mwanafunzi anapoulizwa: mwenye utu afanye nini mbele ya mtoto huyu, na nani alisemalo neno hilo kwa maana nyingine?

Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Darasa la pamoja kati ya Lubumbashi, Bukavu, Bujumbura na Dar es Salaam laweza kuendeshwa kwa Kiswahili, bila kungoja lugha ya kuazima. Mahali pa kuanzia ni padogo: walimu wawili, kisa kimoja cha kubuni, na orodha ya maneno kumi ambayo kila upande utaeleza kwa namna yake. Katika kazi hiyo, idara za Kiswahili zina wajibu ambao vyuo vya huduma ya jamii haviwezi kuutimiza peke yao.